Chips zilizopita kwenye mafuta ya kuku: mgahawa unapaswa kukuambia nini?

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Naishi Jinja, na huu ni mwaka wa pili tangu niache nyama, samaki, mayai, maziwa na hata asali. Juzi nikiwa Kampala niliingia mgahawa mmoja wa chakula cha haraka nikaagiza chips na baga ya mboga. Kwenye orodha ya vyakula, baga hiyo iliandikwa "haina nyama". Nikiwa nangoja, nikamwona mpishi akiinua kikapu cha mapaja ya kuku kutoka kwenye mafuta, kisha akatumbukiza viazi vyangu humo humo. Nilipouliza, mhudumu akanijibu, "Nnyabo (yaani mama), haya ni mafuta ya mimea, usiwe na wasiwasi." Je, kuku hubaki kweli kwenye mafuta, au ni mawazo yangu tu? Mgahawa ulipaswa kunieleza kabla sijalipa? Na nikiwa safarini, nile nini bila kugombana na wapishi?

JIBU: Dada, si mawazo yako. Kuku hubaki kwenye mafuta, na kuanzia hapo anaingia kwenye kiazi.

Mafuta ya kukaangia kuku huwa na joto la nyuzi 170 hadi 180 hivi za Selsiasi. Nyama ikizama humo, maji yake hugeuka mvuke na kutoka kama povu. Wakati huo huo mafuta yaliyo chini ya ngozi ya kuku huyeyuka na kuchanganyika na yale ya kwenye karai. Yakishachanganyika, hakuna chujio la jikoni linaloweza kuyatenga. Chujio huondoa makombo ya unga tu, na unga wenyewe mara nyingine umeloweshwa kwa maziwa au mayai kabla ya kumpaka kuku. Kwa hiyo karai lililokaangia kuku tangu asubuhi lina mafuta ya kuku, chembe za nyama, na pengine mabaki ya maziwa na mayai.

Sasa tazama kiazi. Watu wengi hudhani mafuta huingia kwenye chips wakati zinachemka ndani ya karai. Kwa sehemu kubwa sivyo. Zikiwa ndani, mvuke unatoka kwa nguvu na kuyasukuma mafuta nje. Zikitolewa ndipo mvuke uliobaki ndani unapoa na kuwa maji, nafasi tupu inabaki, na mafuta yaliyonata juu ya chips yanavutwa ndani. Ndiyo maana mpishi mzuri hukung'uta kikapu mara tu anapokiinua, chips zikiwa bado moto. Kukung'uta kunapunguza kiasi cha mafuta, lakini hakubadilishi ni mafuta gani. Chips za kawaida huwa na mafuta kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na mara nyingi zaidi. Anayekula chips anakula karai zima lililozikaanga.

Mhudumu wako hakusema uongo. Alikueleza mafuta yalitoka wapi. Wewe ulitaka kujua yamekutana na nani. Hayo ni maswali mawili, na kwa mtu asiyekula kitu cha mnyama, la pili ndilo lenye uzito.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani kwa wenzetu. McDonald's nchini Marekani waliacha kukaangia chips kwa mafuta ya ng'ombe mwaka 1990 wakatangaza kwamba sasa wanatumia mafuta ya mimea. Wahindu na watu wasiokula nyama wakazila kwa amani kwa miaka. Mwaka 2001 wakili mmoja wa Seattle, Harish Bharti, alifungua kesi, kwa sababu chips hizo zilikuwa zinatiwa kiungo cha ladha chenye asili ya ng'ombe kiwandani kabla ya kugandishwa, nacho kwenye orodha ya viambato kiliitwa "ladha asilia" tu. Mwaka 2002 kampuni iliomba radhi na kukubali kulipa dola milioni 10, nyingi zikielekezwa kwa vikundi vya Wahindu na vya watu wasiokula nyama. Mafuta yalikuwa ya mimea kama walivyosema. Kilichoumiza watu ni kile ambacho hakikusemwa.

Kesi inayofanana zaidi na yako ni ya Burger King. Mwaka 2019 walianza kuuza Marekani nzima baga ya Impossible Whopper, yenye kipande kilichotengenezwa kwa soya. Kipande hicho kilichomwa kwenye mashine ile ile inayochoma nyama. Walaji wakashtaki. Julai 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Florida aliitupa kesi: kampuni iliahidi kipande kisicho cha nyama, ikakitoa, haikuahidi mahali pa kukichomea, na wateja hawakuuliza. Lakini miezi michache kabla, Aprili 2020, mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilikuwa imezuia matangazo ya baga ya namna hiyo hiyo ya kampuni hiyo, Rebel Whopper. Ilisema matangazo yanawafanya watu waamini kwamba baga inawafaa wasiokula nyama, na kumbe inachomwa pamoja na nyama na kupakwa mayonezi yenye mayai.

Kampuni moja, mwaka mmoja, namna moja ya kuchoma, na majibu mawili. Mimi nasimama na Waingereza. Mtu akisoma "haina nyama" juu ya baga, hasomi kama mwanasheria. Anasoma kama mwenye njaa anayemwamini aliye jikoni.

Hapa Uganda hali ikoje? Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo, EAS 38, ambacho hapa husimamiwa na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, kinahusu chakula kilichofungashwa. Pakiti ya biskuti lazima itaje viambato vyake. Sahani ya chips iliyopakuliwa mbele yako haimo humo. Hata lebo yenyewe hutaja viambato tu, haitaji sufuria. Msaada ulio karibu zaidi na wewe upo kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kwa maneno ya kawaida, ukimweleza muuzaji haja yako mahususi ukategemea ujuzi wake, naye akakuuzia, kitu hicho kinapaswa kuifaa haja hiyo. Maana yake ni kwamba neno lako kabla ya kulipa lina nguvu kuliko malalamiko yako baada ya kula. Wakili atakufafanulia zaidi kama umefika huko, lakini kwa sahani ya chips sikushauri uanzie mahakamani.

Pia usiutegemee muhuri wa halali kwa jambo hili. Muhuri huo una kazi yake na ninauheshimu: unahusu kuchinja na kuepuka haramu. Kuku wa halali akikaangwa na chips zako, chips ni halali, na bado zina kuku. Vivyo hivyo, migahawa ya Kihindi ya Kampala inayojitangaza kuwa haina nyama kabisa hukuondolea shida ya nyama, samaki na mayai, lakini samli na jibini hutumika sana humo. Kwa wewe usiyekula maziwa, bado lazima uulize.

Uliza hivi: "Chips hizi zinakaangwa kwenye karai gani, na kitu gani kingine kimepita humo leo?" Swali la "je, kuna nyama?" litakupa jibu la "hapana", na mtu atakuwa mkweli. Likiwezekana, muulize mpishi mwenyewe, kwa sababu mhudumu mara nyingi hajui, na haoni vizuri kukwambia hajui. Sema sababu yako kwa kifupi: "Ssebo (yaani bwana), sili kitu chochote cha mnyama." Waganda wanaelewa miiko ya chakula. Koo nyingi zina mnyama au mmea wao usioliwa, baadhi ya Waadventista hawali nyama, Waislamu na Waorthodoksi wanafunga. Ukijieleza hivyo, huonekani msumbufu, unaonekana mtu mwenye mwiko, na mwiko unaheshimiwa. Lakini kama una mzio wa mayai, maziwa au samaki, sema wazi kwamba ni ugonjwa, na karai la pamoja likatae kabisa. Moto wa kukaangia hautoshi kukulinda.

Barabarani, chapati ndiyo itakayokutega. Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, kinaonekana salama, lakini mchoma chapati hukaanga mayai ya rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, kwenye kikaango hicho hicho. Wengi huchoma chapati za kutosha asubuhi kabla wateja wa mayai hawajaja. Wahi mapema, omba zile za kwanza, na uulize kama unga umekandwa kwa maji au kwa maziwa. Maharage nayo yaulizie samli, hasa kwa wapishi wa magharibi mwa Uganda. Firinda ya Tooro, maharage yaliyomenywa na kupondwa, bila samli ni nadra. Mchuzi wa karanga uulizie mukene, kwa kuwa dagaa hao husagwa au kuchanganywa humo hadi usiwaone. Luwombo ya karanga, mchuzi unaopikwa kwa mvuke, hufungwa kwenye jani lake la mgomba peke yake, jambo zuri, lakini huenda ndani mna samaki wa kukaushwa. Muulize aliyeifunga.

Unapotaka kula bila maswali mengi, nenda Kabalagala au Kansanga, mitaa ya Kampala, siku ya Jumatano au Ijumaa, kwenye migahawa ya Waethiopia na Waeritrea. Waorthodoksi wao hufunga siku hizo, na chakula cha mfungo hakina nyama, maziwa, siagi wala mayai. Agiza chakula cha mfungo kwa jina hilo hilo, utaletewa injera, mkate wao mwembamba kama chapati, yenye dengu, kabichi na mboga za majani. Samaki pekee ndiye wa kuuliza, kwa sababu baadhi yao humruhusu. Huko mpishi anajitenga na mafuta ya nyama kwa ajili ya imani yake mwenyewe, na hakuna tangazo la mgahawa linaloshinda hilo. Ukifika kaskazini, tafuta malakwang, mboga ya majani yenye uchachu, iliyoungwa kwa odii, yaani simsim na karanga zilizosagwa, au mboga zilizotiwa moo yaa, mafuta ya mti wa shea. Hapo umefika nyumbani.

Kwa wenye migahawa wanaosoma hapa, siwadai mashine ya pili ya kukaangia. Najua bei ya mafuta, na najua karai moja likilisha familia. Nawadai mstari mmoja kwenye ubao: "Chips zetu hukaangwa pamoja na kuku." Wateja wengi hawatajali, wengine watafurahi. Mmoja ataagiza matooke, atalipa, na kesho atarudi kwa sababu mlimwambia kweli. Anayetaka kufanya zaidi, abadilishe mpangilio: mafuta mapya asubuhi yakaange viazi kwanza, kisha soseji na kuku. Mteja asiyekula nyama akiuliza saa nne kama chips zinamfaa, jibu ni "ndiyo"; akiuliza saa nane, jibu ni "samahani, sasa hapana". Kinachotakiwa ni mpishi ajue saa ya mabadiliko na amwambie mhudumu.

Dada, wewe unapita barabara ya Jinja na Kampala. Pale Namawojjolo, soko la kando ya barabara hiyo, wachuuzi watakimbilia dirisha la gari na kuku wa kuchoma na gonja mkono mmoja. Gonja ni ndizi tupu iliyochomwa kwa makaa, haihitaji mafuta. Lakini wavu ukiwa mmoja, mafuta ya kuku huudondokea. Shuka garini, tafuta mwenye wavu wa gonja peke yake, na ununue kwake kila unapopita, ili wa jirani naye aone kwamba wavu wa pili unalipa.