Fataki Imempiga Mtoto Jichoni

SWALI: Mkesha wa Mwaka Mpya mwanangu wa miaka 9 alipigwa na fataki jicho la kulia. Jirani alimwosha kwa maji ya chumvi, duka la dawa wakatupa matone. Leo siku ya nne wekundu umepungua, ila anaona ukungu, na asubuhi nimeona kama mstari mwekundu chini ya weusi wa jicho. Nisubiri wiki iishe? (Mama, Tanga)

JIBU: Usisubiri, mama. Mpeleke leo, anzia idara ya macho ya Hospitali ya Bombo, hapo Tanga. Mstari huo yaelekea ni damu iliyovuja ndani ya jicho, nyuma ya kioo cha mbele. Mtoto akikaa wima, hutuama chini kama mashapo. Wekundu wa nje kupungua hakuna maana yoyote kwa damu hiyo. Inaweza kupandisha presha ya jicho hadi mshipa wa kuonea ukaharibika, na inaweza kuvuja upya, hasa siku tano za mwanzo, ambazo kwenu hazijaisha. Asikimbie wala kuinama. Alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Maumivu mpe parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huzidisha kuvuja damu.

Kama ana selimundu, au ukoo una mwenye nayo, liseme kabla hujaulizwa. Chembe nyekundu za damu, zilizopinda kwa ugonjwa huo, huziba njia ya kutolea maji ya jicho, presha hupanda haraka, na baadhi ya vidonge vya kuishusha, kama asetazolamidi, huzidi kuzipinda.

Nenda na kichupa cha matone. Kikiwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, daktari lazima ajue: kwenye jicho lenye kidonda inaweza kuficha maambukizi huku yakienea. Hata akipona, presha ya jicho hilo ipimwe kila mwaka, kwani glakoma ya kipigo, yaani kuharibika kwa mshipa wa kuonea kwa sababu ya presha baada ya jeraha, huweza kuja miaka mingi baadaye.

SWALI: Jicho likipata ajali ya fataki, wengine husema osha, wengine usioshe. Nani mkweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wote, kwa ajali mbili tofauti. Likiingia vumbi la baruti au majivu tu, bila kipigo, osha kwa maji safi dakika 15 au zaidi huku kope zimefunuliwa; unga wa magnesiamu iliyoungua, metali iliyomo kwenye baadhi ya fataki, huchoma kama chokaa. Lakini jicho likipigwa, likachanika, mboni ikawa na umbo la tone, au ute ukatoka, usioshe, usibane, usichomoe kitu. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiegemee mfupa wa nyusi na shavu bila kugusa jicho, kibandike kwa plasta. Asile wala kunywa, huenda akalazwa usingizi kwa upasuaji. Pamba iliyofungwa kwa bandeji ya kukaza, tuliyoizoea, ndiyo inayoweza kusukuma nje kilichobaki ndani.

SWALI: Miwani ya jua inatosha kujikinga?

JIBU: Hapana. Vaa ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, kama ya fundi wa grenda, inayoziba hadi pembeni. Watazamaji pia, si mwashaji peke yake.