Pu-erh kunuka udongo ni kawaida

Umeuliza kama pu-erh yako, hiyo chai ya China, imeharibika. Hapana ndugu, haijaharibika. Hiyo pu-erh uliyoletewa kutoka China kunuka udongo uliolowa mvua na kutoa maji meusi kama lami ndo ilivyo. Itakuwa ni shou, yaani pu-erh iliyoivishwa haraka, ya jimbo la Yunnan, majani wanayalundika, wanayamwagia maji, wanayafunika na vijidudu vinafanya kazi humo ndani wiki kadhaa, lundo linapata joto lenyewe na wanaligeuza geuza lisiungue. Njia hii ilianza Kunming, mji mkuu wa Yunnan, mwaka 1973 hivi, kabla ya hapo watu walikuwa wanasubiri miaka na miaka chai ikomae.

Sasa kupika, usiichemshe na maziwa kama chai yetu, japo Wamongolia chai zao nyeusi wanatia maziwa na wanazipenda. Bandua gramu 5 hivi za majani yaliyoshikana, weka kwenye kibirika kidogo au kikombe cha mfuniko cha mililita 100, maji yawe yanachemka kabisa, ya kwanza acha sekunde chache umwage, ni ya kuosha tu na ile harufu ya stoo inapungua sana. Tia mengine, sekunde 10, mimina, kunywa. Majani hayohayo unarudia mara 7 au 8 huku unaongeza muda kidogo kidogo, na kikombe cha tatu cha nne ndo kitamu kweli, laini, hakina ukakasi kabisa.

Ila ukiona manyoya ya ukungu au inakukwaruza koo kwa uvundo, tupa. Vidoa vya njano kwenye Fu, chai nyingine ya China ya jimbo la Hunan inayoshindiliwa kama matofali, hivyo ni sawa, wanavilea makusudi.