Mgeni Akitua Mvita: Majibu kwa Wasomaji

Likizo inakaribia, na barua nyingi za wasomaji zinauliza kuhusu Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale. Hizi hapa chache, pamoja na majibu yake.

Nikivuka Daraja la Nyali huona maji mapana chini. Ni mto gani huo? (Msomaji wa Kakamega)

Huo si mto, ndugu yangu. Ni Hori la Tudor, mkono wa bahari unaoizunguka Mombasa kwa upande mmoja huku mkono wa Kilindini ukiizunguka kwa upande wa pili, na ndiyo sababu mji ukawa kisiwa. Mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji yake humo, lakini anayetawala ni bahari: maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mdomoni mwa hori hilo ndipo ilipo Bandari ya Kale. Majahazi yalikuja hapo na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na hayakuweza kurudi mpaka kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze kuvuma. Baharia aliyengoja upepo kwa miezi alihitaji pa kulala, chakula na mtu wa kumwamini, nami naamini kwamba ukarimu wa Mvita ulikomaa katika kungoja huko. Mgeni hapa hupokewa kama mtu atakayekaa, hata kama amekuja kwa siku moja.

Nina siku moja tu mjini. Nianzie wapi? (Msomaji wa Nakuru)

Anzia Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu utaona umbo la mtu aliyelala. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Baadaye Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na tangu 1962 imekuwa makumbusho. Usipite mbio mbele ya vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati wa mazingiwa.

Ukitoka hapo, ingia Mji wa Kale kwa miguu kupitia Ndia Kuu. Tazama milango ya mbao iliyonakshiwa, roshani zinazoning'inia juu ya vichochoro, na Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe, ambao kwa mapokezi ulijengwa mwaka 1570. Kodi mwongozaji mwenye kitambulisho, mkubaliane bei kabla ya kuanza safari, kisha mwache akupeleke polepole. Ufuo wa bahari hautahama, utaukuta alasiri.

Mimi na mke wangu tunatoka bara, na tunaogopa kuwaudhi wenyeji bila kujua. Tufanyeje? (Msomaji wa Nyeri)

Tangulizeni salamu. Mkiwakuta wazee wameketi barazani, msiwapite kimya wala msianze kwa kuuliza njia. Wasalimuni, waulizeni hali, ngojeni jibu, ndipo mtaje shida yenu. Mara nyingi mtaelekezwa na mtu atakayeinuka na kuwasindikiza mpaka kona. Katika Mji wa Kale vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na mama akijitanda leso atakuwa amejisitiri vizuri. Doti nzuri zinauzwa Biashara Street. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mkija mwezi wa Ramadhani, msile wala kunywa njiani mchana.

Jioni nile nini, na wapi? (Msomaji wa Eldoret)

Nenda Mama Ngina Drive jua likielekea kutua, familia zinapoketi chini ya mibuyu kutazama meli zikiingia Kilindini. Hapo utapata madafu na muhogo wa kuchoma, unaopasuliwa katikati na kupakwa pilipili ya unga na ndimu. Viazi karai navyo huchemshwa, huchovywa katika unga uliokorogwa wenye rangi ya manjano, hukaangwa, kisha huliwa vya moto pamoja na chatine ya ukwaju. Usiku tafuta muuza kahawa tungu mwenye dele, yaani birika, la shaba juu ya makaa, unywe kwa kikombe kidogo pamoja na kashata. Asubuhi yake, kula mahamri na mbaazi za nazi. Mimi sijui kifungua kinywa kinachoyashinda.

Je, feri ya Likoni hulipiwa? (Msomaji wa Kitui)

Anayevuka kwa miguu halipi. Magari ndiyo hulipa. Ukiwa huna haraka, epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, na usipige picha ukiwa kivukoni, kwa kuwa hairuhusiwi. Ng'ambo utapata matatu za kwenda Ukunda, na kutoka hapo Diani ni karibu.