Homa ya dengi ikishuka, usiache kupima damu

Nimemuuguza mdogo wangu dengi, na ninachotamani kila muuguzaji akijue ni hiki: siku homa inaposhuka ndiyo siku ya kukaa macho. Mgonjwa akipoa mwili, wengi tunashusha pumzi. Kumbe kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu homa ianze, mishipa midogo inaweza kuanza kuvuja maji ya damu, na kipindi hicho cha hatari huchukua saa 24 hadi 48.

Majibu yakitoka, kila mtu huuliza chembe sahani tu, zile zinazosaidia damu kuganda. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Kwenye dengi zinaweza kwenda chini ya 100,000. Seli nyeupe nazo hupungua, mara nyingi mapema zaidi. Lakini nakuomba, tazama pia hematokriti, yaani kiasi cha damu ambacho ni chembe nyekundu. Ikipanda huku chembe sahani zikiporomoka, maji yanatoka kwenye mishipa na damu inakuwa nzito. Karatasi za mdogo wangu nilizipanga kitandani kwa tarehe, nikafuata mstari huohuo kwa kidole kutoka karatasi hadi karatasi. Ukiona inapanda, mwonyeshe daktari papo hapo.

Wala usishinikize aongezewe chembe sahani kwa kuogopa namba. Kama havuji damu, kwa kawaida hahitaji; zitapanda zenyewe.

Ini nalo huguswa, na hili husemwa kidogo mno. Vimeng'enya vya AST na ALT, ambavyo huvujia kwenye damu ini likiumia, hupanda kwa wagonjwa wengi, AST ikizidi kwa kuwa hutoka hata kwenye misuli. Mara nyingi hurudi sawa baada ya wiki kadhaa. Kimojawapo kikifika uniti 1,000 kwa lita, Shirika la Afya Duniani huhesabu hiyo ni dengi kali. Usingoje macho yawe ya manjano, maana wengi hawafiki huko.

Ndiyo maana naikazania hesabu ya parasetamo, dawa ya homa ambayo ikizidi huumiza ini. Mtu mzima asizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha na iliyomo kwenye dawa za mafua. Ini likiwa limeguswa, daktari anaweza kupunguza zaidi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asiguse kabisa, zinachochea kutokwa damu.

Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu, choo kikiwa cheusi, au akilegea na kukosa utulivu, mpeleke hospitali usiku huohuo, hata kama kipimajoto kinasoma 37.