Jibu: Je, kipandauso ni mishipa ya damu kutanuka tu?

Hapana ndugu, kutanuka kwa mishipa ya damu ni sehemu tu ya habari. Neva ya trijemino, inayohudumia uso na utando wa ubongo, humwaga kemikali kwenye ncha zake, hasa CGRP na substansi P. Ndipo mishipa ya damu hutanuka, na kwa panya wa maabara hata kuvujisha majimaji: uvimbe usio na kidudu chochote. Mtafiti Michael Moskowitz aliisukuma sana hoja hiyo.

Ajabu sasa (mimi hapa ndipo huchangamka): dawa za kuzuia substansi P zilizuia uvujaji kwa panya, zikagonga mwamba kwa wagonjwa. Za kuzuia CGRP zikafaulu. Mojawapo, erenumab, iliidhinishwa Marekani 2018.