Jibu: Kwa nini piloti alikataa kupaa Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, wakati wa ukungu?

Dada yangu, pole kwa siku uliyopoteza. Umeuliza kwa nini piloti wa ndege ndogo ya kwenda Shabunda aliwashusha abiria kwa sababu ya ukungu, ilhali njia ya kurukia ilionekana yote. Alifanya vema sana, na mimi ningemshukuru.

Kuona uwanja hakutoshi. Ukiingia ndani ya wingu, macho hayana upeo wa kushika, basi mwili unategemea sikio la ndani. Sikio hilo linadanganya: ndege ikigeuka polepole, maji yaliyomo yanatulia, na piloti anahisi anakwenda sawa kumbe amelala upande na anashuka kwa mzunguko. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilijaribu marubani 20 wasiofunzwa kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vyake peke yake, bila kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika tatu hazitimii!

Hata aliyefunzwa, huku kwetu mashariki mwa Kongo kuna milima. Mlima Kahuzi peke yake ina mita 3,308, na mawingu huifunika asubuhi nyingi. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo ya misaada, aina ya Beechcraft 1900, ilikuwa ikija Bukavu katika hali mbaya ya hewa, ikagonga mlima karibu na mji. Watu 17 walikufa, hakupona hata mmoja.

Kwa hiyo kesho ukungu ukiwapo tena, mama, usimsukume piloti, na wenzako wakipiga kelele uwatulize. Rudi nyumbani Kadutu, ulale, upande ndege siku nyingine.