Kiwanja kimepigwa X, nisaini au nisubiri?

Pole dada. Umesema unaishi Mbagala, kiwanja chenu cha Chalinze kimeingia kwenye mkuza, yaani njia inayoachwa wazi kwa laini mpya ya umeme, na fomu ya fidia wanataka uisaini leo leo. Usikimbilie kalamu. Mimi yalinikuta: fomu iliandikwa miembe 3, shambani iko 11! Nilirudi na mthamini, tukaihesabu mmoja mmoja juani.

Nenda mwenyewe, piga picha kila mti na msingi, dai nakala. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, dai riba. Na kama ni kilovoti 400, kama ile ya Bwawa la Nyerere, chini ya waya sahau kujenga. Hati ikiwa bado na jina la marehemu baba, muone wakili kwanza. Mirathi ndiyo hukwamisha malipo.